Kulungu kapigwa lakini kakimbia: kutafuta kosa katika nishati ya risasi

Msimu wa kulungu ukifunguliwa Marekani au Ulaya, swali linalozungumzwa kuliko yote ni hili: risasi yangu ina jouli (kipimo cha nishati) za kutosha? Ni swali halali, ila mara nyingi huulizwa pasipo pake. Wanyama wengi wanaopotea na kidonda hawakukosa jouli. Jouli zilikuwepo, zikaishia pasipofaa: zimepita kifuani zikazama kwenye udongo nyuma ya mnyama, zimemalizikia kwenye kombe la bega, au zimeingia tumboni. Nishati ni kama fedha mfukoni, na kiasi chake hakikuambii kimenunua nini. Mnyama anauawa na tundu linalopita kwenye moyo na mapafu. Kazi ya nishati ni kulipia upana na urefu wa tundu hilo.

Mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile unachokiona pale mnyama aliposimama na unapomchuna, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo. Mfano mkuu ni kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, wa kilo 50 hadi 130 hivi. Hesabu zinamfaa pia kulungu mwekundu wa Uskoti na Ujerumani, ingawa huyo ni mkubwa zaidi na mifupa yake ni mizito.

Usilaumu risasi kabla hujajua mambo matano: umbali halisi (uliopimwa kwa kifaa, maana jicho hudanganya msituni), mnyama alikuwa amekupa upande gani, jina na uzito wa risasi kama ulivyoandikwa kwenye boksi, damu na manyoya yaliyobaki mahali alipopigwa, na matundu mawili kwenye ngozi, la kuingilia na la kutokea. Likikosekana moja, utakuwa unabahatisha.

Hesabu yenyewe, na mahali inapodanganya

Chukua uzito wa kichwa cha risasi (ile sehemu inayoruka, na tukisema "kichwa" tunamaanisha hicho) kwa kilo, zidisha kwa kasi kwa mita kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi ileile, kisha gawa kwa mbili. Hapo umepata jouli. Kwa maboksi ya Kimarekani, zidisha uzito wa greni kwa kasi ya futi kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi hiyo, gawa kwa 450,240, upate futi-pauni. Futi-pauni 1 ni jouli 1.356, na greni 1 ni gramu 0.0648. Kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, kichwa kikipoteza theluthi ya kasi yake kimepoteza zaidi ya nusu ya nishati.

Hizi ni risasi mbili zinazojulikana sana, zote za greni 150 (gramu 9.7). Takwimu ni za makadirio kwa mtutu wa sentimita 61, urefu ambao watengenezaji wengi huutumia kwa vipimo vyao.

| Umbali | .308 Winchester, ncha ya plastiki | .30-30 Winchester, ncha butu |
|---|---|---|
| Mdomoni mwa mtutu | 860 m/s, 3,590 J | 728 m/s, 2,580 J |
| Mita 100 | 785 m/s, 2,990 J | 590 m/s, 1,690 J |
| Mita 200 | 713 m/s, 2,470 J | 465 m/s, 1,050 J |
| Mita 300 | 646 m/s, 2,030 J | usipige |
| Mita 400 | 584 m/s, 1,660 J | usipige |

Uzito ni uleule, unene ni uleule, lakini kwenye mita 200 moja ina nishati zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Sehemu ya tofauti ni baruti, na sehemu ni umbo: ncha butu inasukuma hewa, ncha kali inaikata. Kwenye boksi uwezo huo wa kukata hewa huandikwa kwa herufi BC, na kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo kasi inavyodumu.

Wawindaji wa Marekani wana kanuni ya zamani: kulungu anahitaji futi-pauni 1,000, sawa na jouli 1,356, pale kichwa kinapomfikia. Kwenye jedwali hapo juu .30-30 inafika kikomo hicho kwenye mita 150 hivi, na .308 inakaribia mita 490. Kama kingo ya nje kanuni hii inafaa. Ila inakuambia nusu ya habari tu, kwa sababu haisemi kama kichwa kitafunguka.

Liondoe pia wazo kwamba risasi "inamwangusha" mnyama kwa msukumo. Kichwa cha gramu 9.7 kikifika kwa mita 785 kwa sekunde na kubaki chote ndani ya kulungu wa kilo 70, msukumo wake unaweza kumsogeza kwa sentimita 11 kwa sekunde. Huo si mwendo wa kumwangusha mtu, sembuse mnyama wa miguu minne. Kulungu anayeanguka papo hapo ameguswa ubongo au uti wa mgongo, au mishipa ya fahamu iliyo karibu yake. Wengine wote wanaanguka kwa kuishiwa damu na oksijeni, na hilo linahitaji muda.

Dalili: amepigwa vizuri kifuani, lakini amekimbia mita 80

Hakuna kilichoharibika. Mapafu yote mawili yakitobolewa, ubongo bado una oksijeni ya sekunde 10 hadi 15. Kulungu wa mkia mweupe aliyeshtuka anaweza kukimbia kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: mita 80 ni mwendo wa sekunde 6 tu. Risasi yenye jouli 4,700, kama .300 Winchester Magnum, haiufuti muda huo. Inapasua zaidi, lakini moyo uliosimama bado unaacha misuli ikiwa na nguvu ya mbio fupi.

Damu ya rangi ya waridi yenye mapovu inathibitisha mapafu. Mnyama aliyeruka na kurusha miguu ya nyuma kisha akatoka mbio akiwa ameinama chini mara nyingi amepigwa moyoni au karibu nao. Subiri nusu saa, kisha fuata damu. Usibadilishe bunduki kwa sababu ya hili. Wengi wanaohamia risasi kubwa baada ya tukio kama hili wanapata teke kubwa begani, wanaanza kufumba macho wakivuta kifyatulio, na shabaha yao inaharibika kuliko awali.

Dalili: tundu dogo la kuingilia, tundu dogo la kutokea, damu matone matatu

Hapa kichwa hakikufunguka. Kimepita kama msumari, na jouli zake nyingi zimetoka nacho upande wa pili.

Kichwa cha kuwindia kimetengenezwa kipanuke kinapogonga nyama laini. Cha .308 kina unene wa milimita 7.8, na kikifunguka vizuri kinafika milimita 13 hadi 16. Eneo lake la mbele linakuwa karibu mara tatu hadi nne, na hiyo ndiyo njia ya nishati kugeuka kuwa kidonda. Bila kufunguka, jouli 2,000 na jouli 3,000 huacha tundu lenye upana uleule.

Sababu ya kwanza na kubwa ni kasi ndogo. Kila kichwa kina kasi ambayo chini yake hakifunguki sawasawa:

- Kichwa cha kawaida cha madini ya risasi chenye koti jembamba la shaba: karibu 550 m/s.
- Kichwa cha shaba tupu: karibu 610 m/s, na baadhi hutaka zaidi. Vipo vilivyoundwa kufunguka chini ya hapo, kwa hiyo soma maelezo ya mtengenezaji.
- Vichwa vya masafa marefu vyenye ncha ya plastiki: vingi hufunguka hadi karibu 490 m/s, vingine chini zaidi.
- Vichwa butu vya .30-30: madini laini yaliyo wazi kwenye ncha, vimekusudiwa kasi ndogo tangu mwanzo.

Sasa rudi kwenye jedwali la .308. Tuseme kichwa ni cha shaba tupu na kinapoteza kasi kwa kiwango kilekile. Kitashuka chini ya 610 m/s kwenye mita 355 hivi. Pale bado kina jouli 1,800, juu kabisa ya kanuni ya 1,356, na bado kinaweza kupita bila kufunguka. Kwa hiyo tafuta vikomo viwili, cha nishati na cha kasi, na ule unaofika kwanza ndio umbali wako wa mwisho. Kwa risasi nyingi za kisasa zenye ncha kali, kasi ndiyo inayotangulia.

Sababu ya pili ni kichwa kigumu kuliko mnyama. Kichwa kilichotengenezwa kwa elki (kulungu mkubwa sana) au dubu kinataka upinzani ili kifunguke. Kulungu mdogo aliyepigwa katikati ya mbavu mbili, bila mfupa, hana unene wa kutosha. Sababu ya tatu ni risasi isiyofaa kabisa: ya kijeshi au ya mazoezi, iliyofunikwa koti zima. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza risasi hizo kwa kulungu, na Uskoti sheria inataka kichwa kinachopanuka. Usizitumie hata pale ambapo hakuna anayekukataza.

Njia ya kuthibitisha ni rahisi. Panga madumu ya plastiki ya lita 4 yaliyojaa maji, sita kwa mstari, kwenye umbali uleule uliompigia mnyama, na udongo mzito nyuma yake. Piga la kwanza katikati. Kichwa kilichofunguka kitapasua dumu la kwanza na la pili kwa nguvu, na utakiokota kikiwa kimetanuka. Kisichofunguka kitatoboa yote kwa matundu safi na kupotea. Maji hayakuonyeshi kina halisi cha nyama, lakini juu ya kufunguka hayadanganyi. Kupiga madumu kwenye mita 50 ilhali ulimpiga mnyama kwenye mita 300 hakutakufundisha chochote.

Dalili: kidonda kikubwa cha kutisha juu ya bega, ndani kifua kizima

Hii ni kinyume cha ile iliyotangulia, na ni mbaya zaidi kwa mnyama. Kichwa kimepasuka kabla ya kufika mapafuni. Unakuta shimo la sentimita 8 au 10 kwenye ngozi, nyama ya bega imesagika, kombe limevunjika, lakini mbavu hazijatobolewa au zina vipande vidogo tu. Mnyama anaweza kuishi siku kadhaa kwa mateso.

Jouli hazikukosekana hapa. Zimetumika zote katika sentimita 10 za mwanzo. Chunguza kama kichwa kilikuwa cha kuwindia wanyama waharibifu wadogo, mfano .223 Remington ya greni 40 hadi 55 yenye koti jembamba sana. Vichwa hivyo vimeundwa kulipuka ndani ya mnyama wa kilo chache. Mdomoni .223 ya greni 55 ina jouli zipatazo 1,740, zinazotosha kwenye karatasi, lakini kichwa chenyewe hakina mwili wa kufika ndani. Chunguza pia umbali. Kichwa cha kawaida cha .300 Winchester Magnum kilichokusudiwa mita 300 kikigonga mfupa kwenye mita 30 kinafika kwa zaidi ya 850 m/s, na koti linaachana na madini ya ndani.

Tiba ni uzito na muundo. Kwa .243 Winchester, ambayo greni 100 zake hutoka kwa 902 m/s na jouli 2,640, chagua greni 90 hadi 100 za kulungu, uache za 55 hadi 75 za wanyama waharibifu wadogo. Kwa risasi za kasi kubwa, chagua kichwa ambacho koti limeunganishwa na madini ya ndani, au cha shaba tupu. Kichwa cha kawaida mara nyingi hubaki na nusu hadi asilimia 70 ya uzito wake ndani ya mnyama, kilichounganishwa hubaki na asilimia 80 hadi 90 na zaidi, na cha shaba tupu hubaki karibu chote. Uzito unaobaki ndio unaoendelea kusukuma mbele.

Yupo mtu katika historia ya Uganda anayelionyesha hili kwa ukali. W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaua wengi kwa risasi ndogo ya 7×57, ambayo haina jouli za kutisha, kwa sababu kichwa chake kirefu cha koti gumu kilipenya moja kwa moja hadi ubongoni. Mbinu yake si ya kuigwa kwa kulungu, ambaye anahitaji kichwa kinachofunguka. Lakini inaonyesha kwamba nishati isiyofika kwenye kiungo chenyewe haina kazi.

Dalili: tundu la kuingilia lipo, la kutokea halipo, damu hakuna

Wapo wanaosifu hali hii wakisema nishati yote imebaki ndani ya mnyama. Tunaipinga sifa hiyo. Tundu moja la milimita 8, likiwa juu ya mwili, linazibwa na ngozi, manyoya na mafuta, na damu inajaa kifuani badala ya kumwagika. Mnyama anakufa, ila hufiki alipo. Kwenye nyasi ndefu au jioni yenye mvua hilo ni sawa na kumkosa.

Sababu ya kawaida ni pembe. Mnyama aliyekugeuzia kifua kwa mshazari anakipitisha kichwa kwenye bega, mapafu na sehemu ya tumbo. Hayo ni zaidi ya sentimita 60 za nyama na mfupa badala ya 30 hadi 35 za ubavuni. Sababu nyingine ni kichwa laini kilichotanuka haraka mno, au nishati iliyopungua kwa umbali. Kabla ya kubadili risasi, badili namna ya kulenga. Usilenge tundu la kuingilia, lenga la kutokea. Mnyama akikupa ubavu, panda kwa mstari wa nyuma ya mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kina cha mwili kutoka chini. Akikupa mgongo kwa mshazari, lenga ili kichwa kitokee kwenye bega la upande wa pili. Akikuelekea kwa mshazari, subiri ageuke. Ukiendelea kukosa tundu la pili kwa mnyama aliyekupa ubavu, ndipo uongeze uzito: kutoka greni 130 hadi 150 au 165 kwa .308, au uhamie kichwa cha shaba tupu.

Dalili: ameanguka kama gunia, kisha ameinuka na kutoweka

Hii inawavunja moyo watu kuliko nyingine yoyote, na nishati haina hatia. Risasi imepita juu mno. Kwenye mabega, uti wa mgongo wa kulungu unashuka chini sana kuliko mstari wa mgongo unavyoonyesha. Juu ya pingili imesimama mifupa mirefu mfano wa miiba, yenye nyama pande zote. Kichwa kikipiga miiba hiyo, mtikisiko unazimisha mishipa ya fahamu kwa muda. Mnyama anaanguka, miguu inatetemeka, na baada ya nusu dakika au zaidi anazinduka akiwa na kidonda cha nyama tu. Mwindaji anaapa amepiga "juu ya mapafu, chini ya uti". Kwa kweli hapo hakuna nafasi tupu: mapafu yanagusa chini ya pingili.

Kinga ina sehemu mbili. Kwanza, kila mnyama anapoanguka papo hapo, ingiza risasi nyingine palepale, baki na jicho kwenye darubini, na akijaribu kuinua kichwa mpige tena. Pili, kagua darubini. Aliyeirekebisha ipige sentimita 8 juu kwenye mita 100 ili afike mbali, kisha akalenga juu kidogo "kwa usalama" kwenye mita 120, ameshatoka nje ya mapafu. Sehemu ya uhai ya kulungu ni duara la sentimita 20 hivi. Ukifika kwa mnyama aliyelala, fikia upande wa mgongo, gusa jicho kwa fimbo ndefu, na kope ikicheza, bado yu hai.

Dalili: amejikunja, ametembea polepole, kuna uchafu wa kijani

Ni tumboni. Hakuna idadi ya jouli inayoligeuza pigo la tumbo kuwa zuri, na usimwamini anayekuambia risasi kubwa "inasamehe". Chanzo ni upepo, umbali uliokadiriwa vibaya, tawi, au mnyama aliyepiga hatua wakati wa kufyatua. Kwa .308 iliyorekebishwa kwenye mita 100, kichwa kimeshuka zaidi ya sentimita 35 kinapofika mita 300. Ukidhani ni 220, umekosa mapafu.

Usimfuate mara moja. Akiachwa atalala ndani ya mita mia chache, lakini akishtuliwa atakwenda kilomita. Saa 6 hadi 8 ndiyo desturi kwa tumbo, saa 3 hadi 4 kwa ini, ambalo damu yake ni nyekundu iliyoiva na haina mapovu. Joto, mvua inayokaribia au mbwa-mwitu wa eneo hilo vinaweza kukulazimisha kupunguza. Pale sheria inaporuhusu, mwite mwenye mbwa aliyefunzwa kufuata damu, na mwite kabla watu hawajakanyaga njia yote.

Dalili: bunduki ileile, boksi lilelile, lakini mwaka huu matokeo ni tofauti

Hapa ndipo namba za boksi zinapoumbua watu. Kagua mambo matatu kwa mpangilio huu.

Urefu wa mtutu. Boksi linasema 860 m/s kwa mtutu wa sentimita 61. Kwa .308, kila sentimita 2.5 zinazopungua huondoa takriban 7.5 m/s. Mtutu wa sentimita 41, unaopendwa siku hizi kwa sababu ya viziba-sauti, unatoa karibu 800 m/s, sawa na jouli 3,110. Umepoteza jouli 480 kabla kichwa hakijaenda hata mita moja, kama vile kila kulungu amesogea mita 80 mbali zaidi. Kikomo cha shaba tupu kilichokuwa mita 355 sasa kiko karibu mita 275. Watu wananunua bunduki fupi na vichwa vya shaba kwa pamoja, na hawapigi hesabu hii.

Baridi. Baruti nyingi za kawaida hupoteza karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Darubini iliyorekebishwa Agosti kwenye nyuzi 20 na kutumika Novemba kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri imepoteza karibu 18 m/s. Ubavuni kwenye mita 100 hutaona tofauti, lakini mwishoni mwa masafa yako utaiona. Rudi uwanjani upige risasi tatu siku ya baridi.

Kichwa kimebadilika. Boksi la rangi ileile linaweza kuwa na muundo mpya. Soma uzito na jina la kichwa, si picha ya kulungu iliyo juu. California imepiga marufuku madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, na wengi waliohamia shaba walichukua uzito uleule wa zamani. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule ni kirefu zaidi, na kwa kawaida ni bora kushuka hatua moja, mfano kutoka greni 150 hadi 130 kwa .308, ili kupata kasi ya kukifungua. Uzito unaopotea utafidiwa, kwa kuwa kichwa chote hubaki kizima.

Kipima kasi cha risasi kinamaliza ubishi wote huu. Piga risasi kumi, chukua wastani, uweke kwenye hesabu badala ya namba ya boksi.

Dalili: mnyama amekufa vizuri, lakini bega zima ni damu iliyoganda

Nishati imezidi mahali penye nyama. Utafiti wa Martin Fackler, aliyeongoza maabara ya majeraha ya jeshi la Marekani miaka ya 1980, ulieleza vizuri aina mbili za tundu: la kudumu, ambalo kichwa kimelisaga, na la muda, ambalo tishu zinasukumwa kando kisha zinarudi. Mapafu yana unyumbufu na huvumilia kunyooshwa. Ini hupasuka. Misuli ya bega hujaa damu kati ya nyuzi, na hiyo ndiyo nyama unayoitupa. Sogeza shabaha nyuma ya bega kwa upana wa vidole vitatu, au tumia kichwa kizito na cha polepole zaidi. Kwa mita 60 msituni, .30-30 huacha nyama safi kuliko risasi nyingi za kisasa.

Kama kichwa kilikuwa cha madini ya risasi, kata kwa ukarimu kuzunguka njia yake. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliwashauri wanaogawa chakula cha msaada wasitumie nyama ya kulungu wa kusaga iliyotolewa na wawindaji, baada ya picha za eksirei kuonyesha vipande vya madini ndani yake. Vipande vidogo husambaa mbali kuliko jicho linavyoona, na watoto na wajawazito hawapaswi kula nyama iliyo karibu na tundu.

Sheria inapima wapi

Usichanganye kipimo cha mdomoni na kipimo cha umbali. England na Wales, Sheria ya Kulungu ya 1991 inataka risasi isiyopungua inchi .240 na futi-pauni 1,700 (jouli 2,305) mdomoni. Viwango vya chini vipo kwa kulungu wadogo wa asili ya China. Uskoti, kulungu mkubwa anataka futi-pauni 1,750 na kasi ya futi 2,450 kwa sekunde mdomoni, na paa-ulaya mdogo futi-pauni 1,000. Ujerumani hupima kwenye mita 100: jouli 1,000 kwa huyo mdogo, na jouli 2,000 pamoja na unene usiopungua milimita 6.5 kwa kulungu wengine. Colorado inataka futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Kwa mtutu mfupi, kipimo cha mita 100 ndicho kinachoweza kukutoa nje ya sheria bila kujua: risasi za 6.5 Creedmoor na .308 zinapita kwa nafasi kubwa, lakini .30-30 kwa jouli zake 1,690 haifikii kiwango cha Ujerumani kwa kulungu mwekundu hata kwa mtutu mrefu.